Noti za Zamani Zilizoachwa na Marehemu: Kuzitambua na Hukmu ya Kuziuza

Sifa zote njema ni za Allaah, Mola wa walimwengu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, Aali zake na Swahaba zake.

Familia nyingi za Unguja na Pemba zina mtu wao aliyekwenda kutafuta rizki Shinyanga, Kahama au Geita. Huko kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo kazi na biashara hulipwa fedha taslimu, na si kila mtu alikuwa na akaunti ya benki. Akiba iliwekwa ndani ya kopo au chini ya sanduku. Mwenye sanduku anapofariki, warithi hukuta mafungu ya noti wasizozijua. Hapo huulizwa: hizi bado ni pesa? Na akitokea mkusanyaji anayezitaka kwa bei kubwa, kumuuzia ni riba?

Kuzitambua

Noti za Benki Kuu ya Tanzania hazikuandikwa mwaka, kwa hivyo hutambuliwa kwa picha na thamani.

- Rupia za Zanzibar: zilitolewa na Serikali ya Zanzibar kuanzia 1908, zikiwa na picha ya jahazi. Mwaka 1936 ziliondolewa, na rupia moja ikabadilishwa kwa shilingi moja na nusu ya Afrika Mashariki. Hizi ni adimu sana.
- Shilingi za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki: bodi iliundwa 1919, na noti zake nyingi zina sura ya mfalme au malkia wa Uingereza. Toleo la mwisho la 1964 lina chombo cha tanga ziwani, bila ya sura ya mtawala.
- Noti za kwanza za Tanzania, 1966: shilingi 5, 10, 20 na 100, zote zina sura ya Mwalimu Nyerere.
- Noti zenye sura ya Rais Mwinyi: zilianza baada ya yeye kushika urais mwaka 1985.
- Noti zenye kichwa cha twiga: za katikati ya miaka ya 1990.
- Toleo la 2003: 2000 ina simba, na nyuma yake Ngome Kongwe ya Unguja. 5000 ina kifaru, na nyuma yake mgodi wa dhahabu wa Geita. 10,000 ina tembo.

Toleo la 2010 liliendelea na wanyama hao hao, na noti zake za 1000 hadi 10,000 bado zinatumika. Basi msihukumu kwa mnyama peke yake. Wekeni noti hiyo kando ya ile mnayotumia leo, mlinganishe, na mkibaki na shaka muulizeni karani wa benki.

Zipi si fedha tena

Benki Kuu ilitangaza kuziondoa noti za shilingi 20, 200, 500, 1000, 2000, 5000 na 10,000 za toleo la 1985 hadi 2003, pamoja na ile ya 500 ya 2010 yenye sura ya Mzee Karume. Muda wa kuzibadilisha ulikuwa tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025. Baada ya hapo hazikubaliki kwa malipo.

Hukmu ya kuziuza

Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) amefundisha kuwa dhahabu kwa dhahabu huuzwa sawa kwa sawa na mkono kwa mkono. Baraza la Fiqhi la Kimataifa, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, liliamua kuwa noti za karatasi zina hukmu za dhahabu na fedha katika riba na zaka. Kutokana na hayo:

1. Noti ambayo bado ni halali kwa malipo haiuzwi kwa shilingi zaidi ya thamani yake. Kuuza noti ya 10,000 kwa 12,000 kwa sababu ni mpya au ina namba nzuri ni riba.
2. Noti iliyoondolewa imepoteza uthamani wake, na imekuwa bidhaa kama kitu chochote cha kale. Inajuzu kuiuza kwa bei mliyoridhiana.
3. Ni haramu kuuza noti bandia kwa jina la halisi, au kuficha iliyobandikwa au kusafishwa. Na anayejua thamani ya rupia ya Zanzibar asimdanganye bibi kizee kuwa ni karatasi tu.

Kuhusu picha, tulisamehewa kwa haja ya matumizi. Haja hiyo ikiondoka, bora noti zihifadhiwe ndani ya albamu, zisitundikwe ukutani.

Mirathi, deni na zaka

Noti hizo ni sehemu ya tirka. Aliyefungua sanduku hana haki ya kujichagulia, hata kama wengine wanaziona hazina maana. Zihesabiwe mbele ya warithi, na zikiuzwa, bei yake igawanywe kwa mafungu ya Shari'ah baada ya gharama za maziko, madeni na wasia. Ikiwa miongoni mwao wapo mayatima, jambo ni zito zaidi.

Aliyekopeshwa shilingi laki moja kwa noti za zamani bado anadaiwa laki moja, na atalipa kwa noti za sasa. Kilichoondolewa ni karatasi, shilingi ipo.

Noti zilizoondolewa hazina zaka, isipokuwa kwa anayezifanyia biashara. Lakini ikiwa marehemu alizishika zikiwa fedha halali, zikafika nisabu ya gramu 85 za dhahabu na kupitiwa na mwaka bila ya kutolewa zaka, hilo ni deni katika tirka. Hesabu yake ifanywe pamoja na mwanachuoni.

Tunawanasihi wenye wazee bara na visiwani wawaulize leo, kwa adabu, nini kimo sandukuni. Akiba ya miaka ya jua na vumbi la Geita isigeuke karatasi kwa sababu tuliona haya kuuliza.

Na Allaah Anajua zaidi.