Majarida ya Rangi ya Jumapili Nchini Uingereza

Jarida la rangi, yaani toleo la nyongeza linalokunjwa ndani ya gazeti la mwisho wa wiki bila kuuzwa peke yake, lilianza kushika mizizi Uingereza tarehe 4 Februari 1962, Sunday Times ya London ilipotoa la kwanza chini ya uhariri wa Mark Boxer. Jalada lake lilipanga picha za mwanamitindo Jean Shrimpton, zilizopigwa na David Bailey, pamoja na picha ya mwanasoka Jimmy McIlroy.

Msukumo wake ulikuwa wa kibiashara kuliko wa kihabari. Roy Thomson, Mkanada aliyelinunua gazeti hilo mwaka 1959, aliona jinsi televisheni ya biashara, iliyoanza nchini humo mwaka 1955, ilivyowavuta watangazaji. Lakini televisheni hiyo ilionyesha picha za nyeusi na nyeupe tu, na mwenye kuuza vipodozi, vitambaa au vyakula alitaka bidhaa yake ionekane kwa rangi yake. Mwanzoni watangazaji walisita na hasara ikawa kubwa, ila mambo yaligeuka upesi kiasi kwamba mwezi Septemba 1964 Observer na Daily Telegraph nayo yalitoa majarida yao. Mwaka 1965 matangazo ya sigara yalipopigwa marufuku katika televisheni, kurasa za majarida hayo zilibaki wazi kwa watengenezaji wa sigara.

Sura ya majarida hayo ilitokana pia na uchapaji wa gravia, ambapo picha huchimbwa juu ya silinda ya shaba kwa vishimo vidogo mno, vile vyenye kina kirefu vikibeba wino mwingi wa sehemu za giza, na vile vifupi vikibeba wino kidogo wa sehemu za mwanga. Kuandaa silinda kulikuwa kazi ya muda mrefu, hivyo kurasa zilifungwa wiki kadhaa kabla ya kuuzwa, na mhariri, asiyeweza kukimbizana na habari za jana, alilazimika kutafuta habari isiyochacha. Pengine ni ucheleweshaji huo, zaidi ya ujasiri wa wahariri unaosifiwa sana, uliowapa wapiga picha kurasa nyingi mfululizo, kama zile ambazo Don McCullin wa Sunday Times alizijaza vita vya Vietnam na njaa ya Biafra.

Picha za namna hiyo zilikaa jirani na matangazo ya anasa, na mwaka 1972 mhakiki John Berger aliushutumu ujirani huo, akiona kwamba dunia mbili zisizopatana zimewekwa ndani ya jarida moja. Shutuma hiyo ni ya haki, ingawa ni fedha za matangazo hayohayo zilizogharimia safari za wapiga picha. Baada ya Rupert Murdoch kulinunua Sunday Times mwaka 1981, jarida lilizidi kuelekea kwenye maisha ya starehe, na kabla ya muongo huo kwisha McCullin alikuwa ameondoka.