Mkoa Mpya, Hesabu Mpya

Nilipoanza kupima watoto kwenye zahanati yetu, Sitalike ilikuwa bado mkoa wa Rukwa. Mzani ukining'inia kwenye boriti, mtoto akilia, uzito ukiandikwa kwenye kadi. Taarifa ya mwezi ilipanda Mpanda, kilometa kama 35, ikaendelea Sumbawanga. Tulihesabu waliokuja. Mtoto wa mfugaji wa Kisukuma anayeishi mbali na barabara hakuwemo, wala yule ambaye mama yake kahamia kwenye mpunga msimu mzima. Binti mwenye mimba, aliyepelekwa kufichwa kwa shangazi, ndiyo kabisa.

Utafiti wa kaya huwafuata hao. Ule mkubwa wa demografia na afya ulianza nchini 1991/92, ukawa unarudiwa kila baada ya miaka kadhaa. Kaya hupatikana kwa bahati nasibu. Mdadisi akikuta mlango umefungwa hurudi, na kurudi tena, lakini haruhusiwi kuingia kwa jirani badala yake, hata kama jirani ameshamtolea kiti. Wapo wanaoona huo ni ubaguzi. Mimi naunga mkono utaratibu huo: wanaokutwa nyumbani kila siku tunao tayari kwenye daftari letu.

Machi 2012 mkoa wetu wa Katavi ukamegwa kutoka Rukwa. Watu walizungumza lami na maofisi. Hesabu nani angeikumbuka? Utafiti wa 2010 ulikuwa umetuweka ndani ya Rukwa. Wa 2015/16 ukawa wa kwanza kututenga, na aibu ikatoka nje: kati ya wasichana wetu wa miaka 15 hadi 19, asilimia 45 walikuwa wameshazaa au wana mimba ya kwanza. Wastani wa taifa ulikuwa 27; hakuna mkoa uliotupita. Rukwa nayo ikaongoza kwa udumavu wa watoto chini ya miaka mitano, asilimia 56. Kwenye chungu kimoja, ladha hizo mbili zingepotezana. Nimesikia wakisema tumechafuliwa jina. Jina lipi, na mabinti tuliwaona wodini?

Kwenye utafiti wa 2022, mimba za wasichana Katavi zilishuka hadi asilimia 34. Ulioongoza safari hiyo ni Songwe, 45, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016 na ambao utafiti huu ulikuwa unauhesabu peke yake kwa mara ya kwanza. Chini ya mkoa utafiti haushuki. Kaya zinazochaguliwa ni chache mno kuzitenga halmashauri za Nsimbo na Mpimbwe, sembuse Sitalike.