Vita vya Uhuru vya Uturuki

Vita vya Uhuru vya Uturuki vilipiganwa Anatolia kuanzia 1919 hadi 1922, baada ya Dola ya Osmani kushindwa katika Vita Kuu ya Kwanza na kusitisha mapigano huko Mudros, Oktoba 1918. Washindi waliingia nchini kila mmoja kwa upande wake, na tarehe 15 Mei 1919 jeshi la Ugiriki likashuka İzmir. Siku nne baadaye jemadari Mustafa Kemal alifika Samsun. Serikali ya sultani ilimtuma akakague majeshi; yeye akaunganisha upinzani. Bunge Kuu la Taifa lilifunguliwa Ankara tarehe 23 Aprili 1920, likaukataa Mkataba wa Sèvres ambao wajumbe wa sultani waliutia saini Agosti mwaka huo.

Wanaotajwa sana ni majemadari, lakini vita hivi vilibebwa na raia. Agosti 1921, Wagiriki wakiikaribia Ankara, kila kaya iliamriwa kutoa nguo za ndani, soksi na viatu vya askari mmoja. Wafanyabiashara wakatoa asilimia 40 ya akiba zao za nguo, ngozi, ngano na sabuni, kwa ahadi ya kulipwa baadaye. Silaha zilishushwa İnebolu, bandari ndogo ya Bahari Nyeusi, na wanavijiji, wengi wao wanawake, wakazipeleka bara kwa mikokoteni ya ng'ombe kupitia milima ya Kastamonu. Bila misafara hiyo ni vigumu kuona jinsi jeshi lingestahimili siku 22 za mapigano ya Sakarya, yaliyowarudisha Wagiriki nyuma.

Katika pande nyingine za vita, Armenia ilikwisha kushindwa 1920, na Ufaransa ikakubali kuondoka kusini Oktoba 1921. Dhidi ya Wagiriki, shambulio kuu lilianza tarehe 26 Agosti 1922; Septemba 9 Waturuki waliingia İzmir. Katika kurudi nyuma Wagiriki walichoma miji na vijiji. Siku chache baadaye moto ukateketeza mitaa ya Wagiriki na Waarmenia wa İzmir, na maelfu wakafa.

Mkataba wa Lausanne wa 24 Julai 1923 uliitambua Uturuki mpya, na jamhuri ikatangazwa tarehe 29 Oktoba. Ugiriki na Uturuki zilikubaliana pia kubadilishana watu: Wakristo wa Orthodoksi wapatao milioni 1.2 na Waislamu karibu laki nne walipoteza makwao. Kipimo kilikuwa dini, si lugha. Wakristo wa Anatolia waliozungumza Kituruki tu walipelekwa Ugiriki, na Waislamu wa Krete waliozungumza Kigiriki wakapelekwa Uturuki.