Moto wa Geji: Tarikhi ya Waya Mmoja wa Dashibodi

Mwenye gari anayetaka kuongeza geji katika dashibodi yake, iwe ya presha ya oili, ya joto la maji au ya nguvu ya betri, aghalabu hudhani kwamba kazi ngumu ni kupata mahali pa kutoboa na kuifunga sensa katika injini, na kwamba umeme wa kuiendesha geji ni jambo sahali, maadamu chini ya usukani mna nyaya tele na karibu kila mmoja una moto. Fundi umeme aliyeiva katika kazi yake hahadaiki na wingi huo. Kwake yeye kujua kuwa waya una moto ni nusu tu ya habari. Nusu iliyobaki, nayo ndiyo nzito, ni wakati gani moto huo huja, wakati gani huondoka, na nani mwingine anayeteka maji katika kisima kile kile. Suala hili halikuzuka ghafla, bali limejengeka kwa muda wa zaidi ya miaka 100, na kila zama ya gari imeacha jibu lake nyuma ya dashibodi.

Magari ya awali hayakulijua kabisa. Ford Model T, lililotoka mwaka 1908, lilijifanyia cheche kwa magneto iliyofungwa penye gurudumu zito la injini, likawashwa kwa hendeli na nguvu za mkono, na taa zake za mbele za miaka ile ya kwanza ziliwaka kwa gesi ya kabidi. Geji za zama hizo nazo hazikuhitaji umeme. Geji ya presha ilitegemea mrija bapa uliopindwa, ambao Mfaransa Eugène Bourdon aliupatia hataza mwaka 1849: presha ikizidi, mrija hutaka kunyooka, na mnyooko ule mdogo huusukuma mshale. Spidomita ya Otto Schulze wa Strasbourg, iliyopewa hataza mwaka 1902, ilizungushwa kwa kebo. Na joto la maji lilisomwa katika kipimajoto cha Boyce kilichosimama juu ya kifuniko cha rejeta, mbele kabisa ya gari, dereva akikitazama kutoka kitini pake. Mimi nazistahi geji hizi, kwa kuwa husema kweli hata betri ikiwa imekufa. Lakini hazikosi dhara, kwani geji ya oili ya namna hii huuleta mrija wenye oili ya moto hadi ndani ya chumba cha dereva, na siku mrija ule utakapopasuka, miguu yake ndiyo itakayoungua.

Mageuzi makuu yalikuja na Cadillac ya mwaka 1912, iliyopewa stata ya umeme aliyoibuni Charles Kettering na wenzake wa Delco. Tangu hapo gari likawa na betri ya kuhifadhi umeme na dainamo ya kuichaji, na kwa kadiri swichi ya funguo ilivyoenea, mafundi wakaanza kupambanua moto wa betri, usiolala usiku wala mchana, na moto wa swichi, unaoamka na dereva. Geji mashuhuri ya umeme ya zama hizo ilikuwa amita, nayo haikutafutiwa moto, kwa sababu yenyewe ilikaa njiani: umeme wote wa gari, isipokuwa wa stata, ulipita ndani yake, ukienda kuziwasha taa au ukirudi kuichaji betri. Uaminifu wake ulikuwa mkubwa na hatari yake vivyo hivyo, maana nyaya nene zililazimika kuja hadi dashibodini na kurudi, na nati moja ikilegea nyuma ya amita, mahali pale hupata joto, ngozi ya waya huyeyuka, na gari huweza kuungua. Altaneta zilipoanza kuenea katika miaka ya 1960, Chrysler wakiwa miongoni mwa waliotangulia kwa Valiant ya mwaka 1960, umeme wa kupita hapo ulizidi, na taratibu voltimita ikashika nafasi ya amita. Voltimita hutumia umeme kidogo mno, lakini ni nyepesi kudanganyika. Ukiifunga penye waya unaolisha pia wipa na feni, itaonyesha upungufu kila wipa zinapofanya kazi, ilhali betri ni nzima, ina volti 12.6 ikiwa imetulia na karibu 14 injini ikichaji. Na mwenye gari atanunua altaneta asiyoihitaji.

Huku Afrika Mashariki elimu hii ilifika kwa kiasi kikubwa pamoja na magari ya Kiingereza, Land Rover zilizoanza kutengenezwa mwaka 1948, malori ya Bedford, Austin na Morris, ambayo mengi yao yalikuwa na umeme wa Lucas wa Birmingham na geji za Smiths. Waingereza waliuandika mpango wao kwa rangi, na fundi aliyeihifadhi rangi aliweza kusoma gari asilopata kuliona. Waya wa kahawia ulitoka betrini moja kwa moja. Mweupe ulitoka swichini bila fyuzi. Wa kijani ulitoka swichini ukiisha kupita katika fyuzi. Mwekundu ulikuwa wa taa ndogo, na mweusi ulikwenda bodini. Aliyefunga geji penye mweupe aliona inafanya kazi vizuri, pasipo kufahamu ya kuwa waya ule ndio uliolisha koili ya cheche, na kwamba shoti moja nyuma ya geji ingelizima gari katikati ya safari. Kijani ndiyo iliyokuwa njia ya halali. Tena magari mengi ya Kiingereza ya kabla ya katikati ya miaka ya 1960 yaliiunganisha chanya ya betri na bodi, kinyume cha desturi ya leo, hata geji yenye elektroniki ikifungwa humo bila hadhari huweza kuungua kabla haijasoma chochote.

Na hata kijani ilikuwa na mtego wake, ambao wastahili kuelezwa kwa kituo. Geji za mafuta na za joto za Smiths zilipoanza kufanya kazi kwa ukanda wa metali mbili unaopindwa na joto la umeme, mshale wake ungalipanda na kushuka pamoja na volti za dainamo. Basi nyuma ya dashibodi kukawekwa kikopo kidogo cha bati, kiimarisha volti, ambacho ndani yake ukanda mwingine hupata moto, hujipinda na kukata umeme, hupoa na kuunganisha tena, hivyo bila kukoma, hata geji zikapata wastani wa volti 10. Taa ya kupimia ikigusishwa penye mlango wa kutokea wa kikopo hicho, huwaka na kuzimika, huwaka na kuzimika. Asiyefahamu huidhani ni waya mbovu, na aliye mgeni zaidi huchukua moto hapo hapo kwa geji yake mpya, kisha humlaumu aliyemuuzia.

Wajerumani walichagua tarakimu badala ya rangi, na katika utaratibu wa DIN 72552 namba 30 ni moto wa betri, 15 ni moto wa swichi, 31 ni bodi, na 58 ni taa za pembeni na za dashibodi. Magari ya Kijapani yaliposhika soko letu yalituzoesha swichi yenye hatua ya ACC kabla ya ON, na hapo likazuka kosa jipya: moto wa ACC hukatika stata inapopigwa, hata mshale wa geji ya oili huanguka katika dakika ile ile ambayo dereva ana haja ya kujua kama oili imepanda. Hata nyaya za ON si ndugu wote, kwa kuwa baadhi yake nazo hukatwa ili betri iihudumie stata peke yake. Kwa sababu hiyo fundi mwangalifu, akiwa Gerezani mjini Dar es Salaam au katika Barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi, humwomba mtu ageuze funguo pole pole, hatua kwa hatua, hadi kupiga stata, naye macho hayabanduki kwenye kipimo.

Kipimo chenyewe kimebadilika. Mwaka 1986 Bosch walitangaza CAN, njia ya kompyuta za gari kuzungumza kwa jozi ya waya, na tangu ilipoenea, waya mwembamba chini ya usukani huenda ukawa unachukua habari na si moto wa kulisha kitu, na balbu ya kupimia ikigusishwa hapo huweza kudhuru kompyuta. Sasa hutumika mita ya dijitali, na moto huchukuliwa katika kisanduku cha fyuzi, geji ikipewa fyuzi yake ndogo, na waya wake mweusi ukifungwa penye chuma kilichokwanguliwa rangi. Lakini baadhi ya fyuzi za magari mapya huendelea kuwa na moto baada ya milango kufungwa, mpaka kompyuta zilale, ndiyo maana kipimo cha mara moja hakitoshi. Sharti kungoja na kupima tena. Nazo geji zinazochomekwa katika tundu la OBD-II, lile la kuchunguzia hitilafu za gari, ambalo magari yote mapya ya abiria nchini Marekani yalilazimishwa kuwa nalo kuanzia mwaka 1996, hupata moto katika pini namba 16, ambayo ni ya betri na haizimwi na funguo. Kwa hiyo nyingi kati yake huzisikiliza volti zenyewe, na zikiona zimeshuka kutoka karibu 14 za altaneta hadi chini ya 13, hujizima bila kuamriwa na swichi yoyote.