Kiongozi na Duka Lake

Ratiba ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayesomea shahada ya biashara yenye mkazo wa ujasiriamali na uongozi haina jambo la kumshtua kijana wa leo. Asubuhi ni kanuni za uhasibu, mchana somo la kuongoza watu, na jioni kikundi kinakaa kwenye vimbweta kuandaa mchanganuo wa biashara. Lakini kama babu yake alikuwa ofisa wa serikali wa ngazi ya kati mwaka 1968, ratiba hiyo angeisoma mara mbili. Wakati wake nchi ilikuwa imeshaamua kwamba mtu achague moja: kuongoza au kufanya biashara.

Uamuzi huo ulifikiwa Arusha. Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala, ilikaa huko tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, na tarehe 5 Februari Azimio la Arusha likatangazwa. Ndani yake mlikuwa na miiko ya uongozi. Kiongozi awe mkulima au mfanyakazi. Asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya watu binafsi, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Na ili mtu asijifiche nyuma ya mwenzi wake, Azimio likafafanua kwamba kiongozi ni mtu pamoja na mkewe, au mtu pamoja na mumewe. Hisa za mke zikahesabiwa kuwa za mume. Waliobanwa hawakuwa mawaziri na wabunge peke yao. Miiko ilishuka hadi kwa wakubwa wa mashirika ya umma na watumishi wa serikali wa ngazi ya kati, yaani watu wale wale ambao vyuo vilikuwa vikiwaandaa.

Naamini shahada hii, kwa jinsi inavyosomwa Tanzania, haieleweki bila miiko hiyo. Kwa miaka 24 nchi yetu ilibishana kwa uzito mkubwa juu ya uhusiano wa madaraka na mtaji, na ubishi huo ulifika hadi kwenye vyumba vya mihadhara.

Kabla ya hapo, mambo hayo mawili hayakuwa yametengana. Siasa za Waafrika wa Dar es Salaam kwa sehemu kubwa zilikuzwa na watu wa madukani. Erika Fiah, mzaliwa wa Uganda aliyekuwa na duka Dar es Salaam, alianzisha chama cha ustawi na biashara cha Waafrika katika miaka ya 1930, na mwaka 1937 akaanzisha gazeti la Kwetu. Mtu huyo huyo alipima sukari, akahariri habari na kuibana serikali ya kikoloni. Baada yake akaja John Rupia, mfanyabiashara aliyekuwa makamu wa rais wa TANU tangu mwanzo, ambaye fedha zake zilikibeba chama kilipokuwa hakina kitu. Hao hawakufundishwa darasani namna ya kukuza mtaji, na sheria za kikoloni zilifanya iwe vigumu Mwafrika kupewa hata bidhaa kwa mkopo. Walijifunza kwa kuuza.

Shahada ya biashara yenyewe ilianzia mbali. Mwaka 1881 Joseph Wharton, tajiri wa viwanda vya madini, alitoa dola 100,000 kwa Chuo Kikuu cha Pennsylvania mjini Philadelphia, ikaanzishwa shule ya kwanza ya biashara ndani ya chuo kikuu nchini Marekani. Shule za namna hiyo ziliandaa vijana wa kuendesha mali ambayo tayari ipo: viwanda, benki, reli. Kufundisha mtu aanzishe biashara yake kulichelewa sana. Mwaka 1947 Myles Mace alifungua somo la kuanzisha biashara mpya pale Harvard, na wengi wa waliojaza darasa lake walikuwa askari waliorudi kutoka Vita Kuu ya Pili.

Shahada iliyofika Afrika Mashariki ilikuwa ya aina ile ya kwanza, ya kuendesha kilichopo. Chini ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichoundwa mwaka 1963, vyuo vitatu viligawana fani: Makerere ikawa na udaktari na kilimo, Dar es Salaam sheria, Nairobi uhandisi na biashara. Mtanzania aliyetaka shahada ya biashara alivuka mpaka. Hapa nyumbani kilikuwepo Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, kilichoanzishwa mwaka 1965 kufundisha uhasibu na masomo mengine ya biashara.

Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu pale Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho, wakipinga kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa na kukatwa sehemu kubwa ya mshahara katika kipindi hicho. Rais, Mwalimu Nyerere, aliwarudisha nyumbani karibu wanafunzi 400. Kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Ugomvi ulikuwa juu ya fedha, lakini swali lililofichuka lilikuwa zito zaidi: msomi anayesomeshwa na wakulima anawadai nini, au wao ndio wanaomdai? Haikufika miezi minne, Azimio likatoka.

Miiko iliwaumiza watu waliokuwa na majina makubwa. Bibi Titi Mohamed, aliyewaingiza wanawake kwa maelfu katika TANU, alikuwa na nyumba za kupangisha. Hakukubaliana na sharti hilo, akajiuzulu uongozi wake katika chama. Ukimfikiria vizuri, alikuwa mwanamke asiye na elimu kubwa ya shule, aliyejenga kwa jasho lake, na kwake nyumba ilikuwa bima ya uzeeni. Sioni kosa lake kuwa dogo wala kubwa kuliko la chama. Naona pande mbili zenye uaminifu zilizotofautiana juu ya jambo gumu. Leo barabara yenye jina lake inapita CBE, na vijana wenye madaftari ya uhasibu huivuka kila siku.

Baada ya Azimio, elimu ya biashara haikufa. Iligeuzwa. Tarehe 6 Februari 1967 benki zilitaifishwa, ikazaliwa Benki ya Taifa ya Biashara, NBC. Yakafuata makampuni ya bima, viwanda vya kusaga nafaka, biashara ya nje. Mali yote hiyo ilihitaji wasimamizi, na wazalendo waliosomea kazi hiyo walikuwa wachache mno. Mwaka 1972 peke yake uliona mambo matatu: shule ya serikali za mitaa ya Mzumbe, iliyofunguliwa na Waingereza mwaka 1953, iliunganishwa na taasisi ya utawala ya Chuo Kikuu ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, IDM, Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, kikaanzishwa Dar es Salaam, na ikaundwa bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, NBAA. Kijana aliyetoka huko aliitwa meneja, lakini mali haikuwa yake. Alipimwa kwa mpango wa shirika na kwa utii wake kwa chama.

Alipimwa pia na wafanyakazi. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika ibara ya 15, ulimkataza kiongozi majivuno, ubadhirifu, dharau na uonevu. Wafanyakazi viwandani waliusoma, wakaushika, wakaanza kuwafungia milango mameneja waliowatukana. Mwaka 1973 wale wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walikitwaa kiwanda chenyewe. Vitabu vya uongozi vinavyosomwa leo vimejaa mifano ya makampuni ya Marekani, lakini sijui kisa kinachofundisha zaidi kuliko hiki juu ya nini hutokea mfanyakazi anapopewa kwa maandishi haki ya kudai heshima.

Kitivo cha Biashara na Menejimenti kilianzishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1979, miaka tisa baada ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kuvunjwa. Wakati ulikuwa mbaya. Azimio la Musoma la 1974 lilikuwa limetaka mwombaji afanye kazi kwanza na kupata pendekezo la mwajiri na chama kabla ya kuingia chuo kikuu. Vita vya Kagera vilikuwa vimemaliza fedha za kigeni. Mwanafunzi alisoma kanuni za masoko Mlimani, akashuka mjini kukuta rafu tupu na foleni ya sabuni.

Darasa la kweli la ujasiriamali miaka hiyo lilikuwa uani. Mshahara haukufika katikati ya mwezi, kwa hiyo wafanyakazi wa ofisini walifuga kuku wa nyama na ng'ombe wa maziwa mjini, wakachoma maandazi, wakaendesha vyerehani. Shughuli hizo waliziita miradi. Ofisa wa wizara aliyefunga tai asubuhi alikuwa ameshachanganya chakula cha kuku alfajiri, na mkewe aliuza mayai kwa jirani ambaye naye alikuwa na mradi wake. Kwa maandishi ya Arusha wengi wao walikuwa kwenye ukingo wa kuvunja miiko. Kwa hesabu za jikoni hawakuwa na njia nyingine.

Serikali ilijaribu kubana kwanza. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi, na mwaka huo huo sheria ya Nguvu Kazi ikawafanya wauzaji wadogo wa mitaani waonekane wazururaji wa kurudishwa vijijini. Bajeti ya 1984 ikalegeza: aliyekuwa na fedha zake za kigeni aliruhusiwa kuagiza bidhaa. Mwaka 1985 akaingia Rais Ali Hassan Mwinyi, Mzee Ruksa. Kisha, Februari 1991, Halmashauri Kuu ya CCM, chama kilichorithi TANU, ikakaa Zanzibar na kuilegeza miiko: hisa ruksa, nyumba ya kupangisha ruksa, kipato cha pili ruksa. Mwalimu Nyerere aliupinga uamuzi huo waziwazi. Mwaka 1995 ikatungwa sheria ya maadili ya viongozi wa umma, inayomtaka kiongozi atangaze mali zake. Kutoka kukatazwa kumiliki, tukaingia katika kujaza fomu.

Ujasiriamali ukaingia vyuoni kwa mlango huo, na ukaingia kama dawa ya ajira. Watumishi wa umma walipunguzwa kwa makumi ya maelfu, mashirika yakauzwa. NBC yenyewe iligawanywa mwaka 1997, na mwaka 2000 hisa zake nyingi zikachukuliwa na ABSA ya Afrika Kusini. Mhitimu aliyesomea kuendesha shirika alikuta halipo. Karne ilipogeuka, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikawa na kituo cha ujasiriamali. Mzumbe ikawa chuo kikuu mwaka 2001. Serikali ikatoa sera ya viwanda vidogo na biashara ndogo mwaka 2003. Na mwaka 2008 kile kitivo cha 1979 kikawa Shule Kuu ya Biashara. Majirani walikuwa wameshatangulia. Kenya, ambako ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 iliipa heshima kazi ya jua kali, iliingiza somo la ujasiriamali katika vyuo vya ufundi mapema miaka ya 1990, na shule ya biashara ya Makerere ina shahada kamili ya ujasiriamali na usimamizi wa biashara ndogo.

Kwa kuwa somo lilikuja kama dawa ya ajira, uongozi ulibaki nyongeza: namna ya kuzungumza mbele ya watu, namna ya kuhamasisha kikundi. Nafikiri hapo tumepoteza kitu, na zoezi lolote la semina linaonyesha. Tuchukue kibanda cha chipsi mayai karibu na hosteli. Sahani inauzwa shilingi 3,000. Viazi, mafuta, mkaa na mayai vinakula 1,900. Sahani 40 kwa siku zinaacha 44,000. Mwanafunzi mzuri ataondoa kodi ya eneo 5,000, ujira wa kijana anayekaanga 10,000, na ujira wake yeye mwenye kibanda 15,000, ambao wengi husahau kuuhesabu. Zinabaki 14,000. Sasa weka sahani nne za bure kwa marafiki, gharama yake 7,600, na faida inashuka hadi 6,400.

Mhadhiri akiuliza pengo lizibwe wapi, madarasa mengi yatajibu haraka: kijana alipwe 2,400. Kwenye karatasi jibu hilo linakaa sawa. Rafiki hawezi kukatwa, mwenye eneo hapunguzi, mafuta yana bei yake; kijana peke yake ndiye asiye na la kusema. Hapo ndipo ningependa ibara ya 15 ya Mwongozo igawiwe mezani pamoja na miiko ya Arusha na uamuzi wa Zanzibar, na wanafunzi wapewe saa mbili wabishane: mwenye kibanda ni kiongozi wa nani, na zile sahani nne amezigawa kwa fedha ya nani?