Kunakili, Kunukuu na Kubandika: Historia ya Kazi ya Mwanafunzi katika Nyanza ya Kusini

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo ambalo walimu wa vyuo vikuu hulilalamikia kila muhula, nalo ni wanafunzi kuchota maandishi katika intaneti na kuyabandika katika kazi zao kana kwamba wameyatunga wenyewe. Kwa kawaida jambo hili huzungumzwa kama suala la maadili peke yake: mwanafunzi wa leo ni mvivu, wa jana alikuwa na bidii. Hukumu hiyo, kwa maoni yetu, haina historia ndani yake. Tutalitazama jambo lenyewe katika eneo moja, yaani iliyokuwa Wilaya ya Nyanza ya Kusini, ambayo leo ni kaunti za Homa Bay na Migori, ili tuone tabia ya kunakili ilitoka wapi na ni nini hasa kilichobadilika.

Lugha yenyewe yatupa mwanga. Maneno nakala, nakili na nukuu yote yatokana na mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kuhamisha kitu kutoka mahali hadi mahali. Katika matumizi ya kitaaluma, Kiswahili kimeyatenga. Anayenakili huhamisha maneno tu; anayenukuu huhamisha maneno pamoja na jina la mwenyewe. Baina ya vitenzi hivi viwili ndipo ulipo mgogoro wetu wote.

2. Kurudia kabla ya kalamu

Kurudia maneno ya mwingine halikuwa kosa katika jamii ya Waluo. Katika siwindhe, nyumba ya mwanamke mzee, watoto walisikiliza hadithi zilizoitwa sigana, na mwenye kusimulia hakudai kwamba amezizua yeye. Lililotakiwa ni kwamba asimulie kwa sauti yake, mbele ya wasikilizaji waliomjua na walioweza kumkatiza. Kadhalika katika pakruok, mtu alimtuza mpiga nyatiti ili muziki usimame naye apate nafasi ya kujisifu, kuwasifu jamaa zake au kumsifu rafiki. Mafumbo mengi aliyoyatumia yalikuwa ya kale, lakini aliyasema akiwa amesimama, uso wake ukionekana. Hivyo basi kanuni ya zamani haikukataza kurudia. Ilimtaka mrudiaji ayabebe maneno yeye mwenyewe na kuwajibika kwayo.

3. Kibao na imla

Mnamo 1906 mmisionari wa Kiadventista, Arthur Carscallen, pamoja na Peter Nyambo aliyetoka Nyasaland, Malawi ya leo, walifungua misheni katika kilima cha Gendia, karibu na Kendu Bay. Carscallen alijifunza Kidholuo, akakiandikia sarufi, na baadaye Gendia ikawa na mtambo wa kupigia chapa. Wakatoliki nao walijenga Asumbi. Kutoka katika misheni hizo elimu ya kusoma na kuandika ilienea hadi Kamagambo, Rongo na kwingineko.

Elimu hiyo kwa sehemu kubwa ilikuwa elimu ya kunakili. Vitabu vilikuwa haba mno, na mara nyingi kitabu kilikuwa kimoja, cha mwalimu. Mwanafunzi aliandika imla, akanakili ubao, akakariri katekisimu au mistari ya Biblia. Aliyenakili bila kosa ndiye aliyesifiwa. Hatuna budi kukiri kwamba mwandishi mwaminifu wa nakala ndiye mwanafunzi bora wa kwanza ambaye shule ya eneo hili ilimtambua.

Hata hivyo, kunakili huko kulikuwa na faida moja. Maneno yalipita sikioni, yakapita kichwani, yakashuka mkononi. Mtu hawezi kuandika imla ya ukurasa mzima kisha asibaki na chochote.

4. Mwakenya

Baada ya uhuru shule ziliongezeka, na mtihani ukawa ndio mlango wa ajira. Mfumo wa 8-4-4 ulianza mwaka 1985, na mtihani wa kwanza wa KCSE ukafanywa mwaka 1989. Katika miaka hiyo hiyo lilizaliwa neno ambalo mwanaisimu hawezi kulipuuza. Mnamo 1986 serikali iliwakamata watu wengi, wakiwamo wahadhiri na wanafunzi wa vyuo vikuu, kwa tuhuma za kuwa wafuasi wa Mwakenya, harakati ya siri iliyosambaza karatasi za kuipinga. Kutokana na jina hilo, wanafunzi wa Kenya wamepata neno mwakenya kwa maana ya kijikaratasi cha majibu kinachoingizwa kwa siri katika chumba cha mtihani. Jambo la hatari la siasa likageuka jina la hatari ya darasani.

Mwakenya ni udanganyifu, na hatuutetei. Lakini tukiutazama kwa makini twaona kwamba aliyeuandaa alilazimika kusoma daftari lake, kuchagua yaliyo muhimu na kuyafupisha hata yakatosha katika karatasi ya ukubwa wa kiganja. Mkono bado ulifanya kazi, na akili nayo kwa kiasi fulani.

5. Mkasi na gundi

Amri za kukata, kunakili na kubandika katika kompyuta zilibuniwa miaka ya 1970 na Larry Tesler na wenzake katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, Marekani. Waliziiga kazi za mhariri, ambaye hapo zamani alikata makala yake kwa mkasi na kuyapanga upya kwa gundi. Chombo hicho kilikusudiwa kumsaidia mtu kuyapanga maneno yake mwenyewe.

Kilipokutana na intaneti, chombo hicho kikawa kingine. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa, na intaneti ya kasi ikaanza kusambaa nchini. Mwaka huo huo Kiswahili kiliingizwa katika programu ya tafsiri ya Google. Nazo taasisi za elimu ya juu zikasogea karibu na wananchi. Chuo Kikuu cha Rongo, katika Kaunti ya Migori, kilipata hati kamili mwaka 2016. Chuo Kikuu cha Tom Mboya, Homa Bay, kikapata yake mwaka 2022. Kwa mwanafunzi wa kijijini ambaye hakuwahi kuona maktaba iliyojaa, simu na saiba ya mjini zilikuwa neema ya kweli. Si haki kulisahau hilo.

Tatizo ni kwamba sasa maneno yaweza kutoka skrini hadi karatasi bila kupita kichwani wala mkononi. Katika idara za Kiswahili hasara ni maradufu, kwa sababu kinachobandikwa mara nyingi ni Kiingereza kilichotafsiriwa na mashine. Ndipo twasoma kwamba methali “hucheza jukumu muhimu” katika jamii, au kwamba “mwisho wa siku” fasihi ni kioo. Programu za kugundua wizi wa maandishi hulinganisha maneno na maneno. Kazi iliyovushwa kutoka lugha moja hadi nyingine yaweza kuzipita. Na tangu Novemba 2022, ilipotolewa ChatGPT, sentensi hutungwa upya kila mara, hata hakuna ukurasa wa asili wa kuonyeshwa.

Wako watakaosema kwamba wanafunzi wetu hawana uwezo. Ushahidi unapinga. Imejulikana wazi tangu mwaka 2019, gazeti la New York Times lilipoandika habari zao, kwamba Wakenya wengi waliosoma huishi kwa kuwaandikia insha wanafunzi wa Marekani na Uingereza, hata mwaka 2022 sheria ikapitishwa ya kuipiga marufuku biashara hiyo katika England. Uwezo upo, ila umepata mnunuzi mahali pengine.

6. Hitimisho

Historia hii yaonyesha kwamba shule zetu hazikuwahi kuacha kudai nakala. Zilichobadilisha ni vyombo. Tukiwauliza wanafunzi “Eleza umuhimu wa methali” mwaka baada ya mwaka, tunauliza swali lenye jibu lililokwisha kuandikwa, na mwanafunzi hutuletea jibu hilo. Swali la imla huzaa jibu la imla.

Dawa haimo katika adhabu wala katika programu peke yake. Imo katika kuuliza yale ambayo intaneti haijayaandika, nayo katika eneo hili ni mengi. Mwanafunzi anayetakiwa kueleza Thimlich Ohinga kwa jumla atanakili, kwani kuta hizo za mawe zimeandikwa sana tangu ziingizwe katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Lakini anayetakiwa kurekodi jinsi wazee wa jirani wanavyoyasimulia magofu hayo kwa Kiswahili chao, hana pa kunakili. Ni Kiswahili cha namna gani kinachosemwa na wavuvi na wachuuzi wa omena huko Muhuru, mpakani mwa Tanzania, ambako ng'ambo samaki huyo huitwa dagaa? Wakuria wa Migori huchanganyaje lugha sokoni? Kisuba cha Rusinga na Mfangano, ambacho kwa vizazi kadhaa kimekuwa kikimezwa na Kidholuo, kimeacha maneno gani vinywani mwa vijana?

Wazee wanaojua majibu hawatasubiri. Kila kazi iliyobandikwa ni mahojiano ambayo hayakufanyika, na baadhi ya mahojiano hayo hayatawezekana tena. Anayerudi na sauti ya mzee wa Mfangano, na jina lake likiandikwa kwa ridhaa yake chini ya maneno yake, amenukuu kwa maana kamili ya neno hilo. Ni wajibu wetu walimu kumpa swali litakalompeleka huko.