Vita Visivyotangazwa: Marekani na Sera ya Kuzuia Ukomunisti, 1947–1975

Sera ya Marekani ya kuzuia ukomunisti usienee chimbuko lake ni waraka mrefu wa simu ya maandishi uliotumwa Washington kutoka Moscow mwezi Februari 1946. Aliyeuandika, George Kennan, alikuwa afisa wa ubalozi aliyeijua Urusi, lugha yake na historia yake kuliko Wamarekani wengi wa enzi zake. Hoja yake ilikuwa kwamba watawala wa Kisovieti hawawezi kuridhishwa kwa maneno ya kirafiki, ila pia hawana haraka ya vita. Wakizuiwa kwa subira kila wanapojaribu kujipanua, dola yao itadhoofika yenyewe kwa maradhi yake ya ndani. Julai 1947 aliirudia hoja hiyo katika jarida la Foreign Affairs bila kutaja jina lake. Miaka ya baadaye Kennan alisisitiza kwamba alikusudia hasa njia za siasa na uchumi, na kwamba maeneo ya kulindwa kwa gharama yoyote yalikuwa machache, yaani yale yenye viwanda vikubwa kama Uingereza, bonde la Mto Rhine na Japani. Mipaka hiyo haikuonekana katika makala yake, na waliomsoma hawakuiweka.

Wakati makala hayo yanatoka, Rais Harry Truman alikuwa amekwisha kwenda mbali zaidi. Februari 1947 Uingereza, iliyofilisiwa na vita vikuu, iliiarifu Marekani kwamba haiwezi tena kuigharimia serikali ya Ugiriki, iliyokuwa ikipigana na waasi wa kikomunisti. Tarehe 12 Machi Truman alisimama mbele ya Bunge la Marekani akaomba dola milioni 400 kwa ajili ya Ugiriki na Uturuki. Ili fedha zipite, aliueleza msaada huo kuwa wajibu wa kuyasaidia mataifa huru yote yanayopinga kutawaliwa na kundi dogo lenye silaha au na shinikizo la nje. Zilizoombwa zilikuwa fedha za nchi mbili. Iliyotolewa ilikuwa ahadi kwa dunia nzima, na hapo ndipo penye mzizi wa yote yaliyofuata.

Waasi wa Ugiriki walishindwa mwaka 1949. Silaha na washauri wa Kimarekani walichangia, lakini pigo kubwa lilitoka kwa Tito wa Yugoslavia, ambaye baada ya kukosana na Stalin aliwafungia waasi hao mpaka. Washington ilijifunza somo moja tu kati ya mawili, kwamba msaada wa kijeshi hushinda. La pili, kwamba wakomunisti hugombana wao kwa wao na ugomvi wao unaweza kuamua vita, lilipuuzwa kwa zaidi ya miaka 20, na waliolipa zaidi gharama ya kupuuzwa huko walikuwa watu wa Asia.

Ulaya Magharibi ilitulizwa kwa fedha za Mpango wa Marshall, kwa ndege zilizoilisha Berlin ilipozingirwa mwaka 1948 na 1949, na kwa muungano wa NATO. Huko sera ilifanya kazi karibu kama Kennan alivyotaka. Mambo yalibadilika Agosti 1949, Wasovieti walipolipua bomu lao la kwanza la atomiki, na Oktoba mwaka huohuo, Mao Zedong alipotangaza Jamhuri ya Watu wa China. Chama cha Republican kilianza kuuliza ni nani aliyeipoteza China, kana kwamba China ilikuwa mali ya Marekani. Hakuna rais wa chama cha Democratic aliyethubutu tena kuonekana anapoteza nchi nyingine. Aprili 1950 waraka wa siri uliopewa namba NSC-68 ulipendekeza bajeti ya kijeshi iongezwe mno, ukidai kwamba kushindwa kwa uhuru mahali popote ni kushindwa kila mahali. Truman alisitasita. Vita vya Korea vilimaliza kusitasita kwake.

Mpaka uliosababisha vita hivyo ulichorwa na maofisa wawili wa jeshi usiku wa Agosti 1945, Japani ilipokuwa ikijiandaa kusalimu amri. Kanali Dean Rusk na Kanali Charles Bonesteel walipewa kama nusu saa kupendekeza mahali pa kuwagawia Wamarekani na Wasovieti kazi ya kupokea silaha za Wajapani nchini Korea. Mbele yao walikuwa na ramani ya jarida la National Geographic. Walichagua latitudo ya nyuzi 38 kwa sababu iliuacha mji mkuu, Seoul, upande wa Marekani. Hakuna Mkorea aliyeulizwa, wala mstari huo haukufuata mto, mlima au mpaka wa jimbo lolote. Ulikata vijiji na mashamba, na ukawa mpaka wa dola mbili zilizoapa kumezana.

Januari 1950 Waziri wa Mambo ya Nje, Dean Acheson, alitaja hadharani mstari wa ulinzi wa Marekani katika Pasifiki, na Korea haikuwa ndani yake. Majeshi ya Kaskazini yalipovuka latitudo ya 38 tarehe 25 Juni, Korea hiyohiyo ikageuka ghafla kuwa kipimo cha heshima ya Marekani duniani. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliidhinisha msaada kwa Kusini, kwa kuwa mjumbe wa Kisovieti alikuwa amesusia vikao kwa sababu ya mzozo wa nani akikalie kiti cha China. Truman hakuliomba Bunge litangaze vita. Mwandishi wa habari alipomuuliza kama hiyo yaweza kuitwa operesheni ya kipolisi ya Umoja wa Mataifa, alikubali.

Operesheni hiyo ilidumu miaka mitatu. Baada ya Jenerali Douglas MacArthur, aliyeongoza majeshi ya Umoja wa Mataifa, kuteremsha askari Inchon mwezi Septemba na kuyavunja majeshi ya Kaskazini, lengo la kuzuia liliachwa, likaja la kuiteka Korea yote. Alipoukaribia Mto Yalu, ulio mpakani na China, serikali ya China iliingiza mamia ya maelfu ya askari na kumsukuma hadi kusini ya Seoul. Truman alimfukuza kazi Aprili 1951, alipong'ang'ania kuvipanua vita hadi China. Mapigano yalisitishwa Panmunjom tarehe 27 Julai 1953, karibu palepale yalipoanzia. Wamarekani wapatao 36,000 walikuwa wamekufa, na kwa makadirio mengi Wakorea zaidi ya milioni 2, wengi wao raia. Mkataba wa amani haujatiwa saini hadi leo.

Tangazo la Truman la tarehe 27 Juni 1950 halikuihusu Korea peke yake. Lilipeleka manowari kwenye mlango wa bahari wa Taiwan, likaongeza msaada kwa Ufilipino na kwa Wafaransa waliokuwa wakipigana Indochina, koloni lao lililojumuisha Vietnam. Kwa hiyo Marekani iliingia Vietnam kwa aya chache ndani ya taarifa ya vita vingine. Miaka mitano tu kabla yake, majasusi wa Kimarekani walikuwa wamewafundisha silaha wapiganaji wa Ho Chi Minh, kiongozi wa Wavietnam, dhidi ya Wajapani, na Ho alikuwa ameutangaza uhuru wa nchi yake Septemba 1945 kwa maneno ya Azimio la Uhuru la Marekani. Alikuwa mkomunisti na pia mzalendo aliyependwa na watu wake. Sera haikuwa na nafasi kwa mtu wa namna hiyo.

Kufikia 1954 Marekani ilikuwa ikilipia sehemu kubwa ya gharama za vita vya Wafaransa. Tarehe 7 Aprili mwaka huo Rais Dwight Eisenhower aliwaeleza waandishi wa habari kwamba Indochina ni kama kete ya kwanza katika safu ya dhumna: ikiangushwa, zilizobaki nazo zitaanguka upesi. Mwezi mmoja baadaye ngome ya Wafaransa ya Dien Bien Phu ilianguka. Mkutano wa Geneva uliigawa Vietnam kwa muda katika latitudo ya 17 na kupanga uchaguzi wa nchi nzima mwaka 1956. Uchaguzi huo haukufanyika, kwa kuwa Ngo Dinh Diem, kiongozi wa Kusini aliyeungwa mkono na Washington, aliukataa. Wamarekani waliokuja kama washauri wa kijeshi waliongezeka kutoka mamia hadi kufikia kama 16,000 mwishoni mwa 1963, mwaka ambao Diem na Rais John Kennedy waliuawa ndani ya mwezi mmoja.

Lyndon Johnson, aliyeurithi mzigo huo, hakudanganyika. Katika mazungumzo ya simu yaliyorekodiwa Mei 1964, alimwambia mshauri wake McGeorge Bundy kwamba haoni kama mahali hapo panastahili kupiganiwa, na papo hapo kwamba haoni njia ya kutoka. Miezi mitatu baadaye aliingia zaidi.

Tarehe 2 Agosti 1964, katika Ghuba ya Tonkin, boti za Vietnam Kaskazini ziliishambulia manowari Maddox. Usiku wa tarehe 4, katika hali mbaya ya hewa, Maddox na mwenzake Turner Joy zilipiga mizinga gizani kwa muda mrefu zikiamini kwamba zinashambuliwa tena. Kapteni John Herrick, aliyeongoza doria hiyo, alituma ujumbe akisema kwamba taarifa nyingi za topido zina shaka. Hali ya hewa iliichezea rada, na msikilizaji wa mitambo alikuwa na pupa. Aliomba uchunguzi kamili kabla ya hatua yoyote. Usiku huohuo Johnson alilitangazia taifa kwamba ndege zinajibu mashambulizi. Utafiti wa ndani wa idara ya Marekani ya kunasa mawasiliano, uliowekwa wazi mwaka 2005, ulihitimisha kwamba usiku ule hapakuwa na shambulio. Lakini tarehe 7 Agosti Bunge lilikuwa limempa rais ruhusa ya kuchukua hatua zote zinazohitajika: kura 416 kwa 0 katika Baraza la Wawakilishi, 88 kwa 2 katika Seneti.

Wiki hiyohiyo waasi wa Kikongo walioitwa Simba waliuteka mji wa Stanleyville, ambao leo ni Kisangani, mashariki ya Kongo. Afrika nayo ilikuwa imekwisha kuingizwa katika hesabu hizo tangu 1960, Waziri Mkuu wa Kongo, Patrice Lumumba, alipopokea ndege za Kisovieti, na shirika la CIA likapeleka sumu mji mkuu, Leopoldville, ili auawe. Sumu haikutumika, aliuawa katika jimbo la Katanga Januari 1961 na maadui zake wa Kikongo pamoja na Wabelgiji. Dhidi ya Simba, CIA iliajiri marubani Wakuba waliomkimbia Fidel Castro, huku mamluki wa Kizungu wakipigana nchi kavu. Waasi walishikilia Wazungu mateka, na Jomo Kenyatta, kwa niaba ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, alisimamia mazungumzo Nairobi ili waachiwe. Mazungumzo yalikatizwa tarehe 24 Novemba 1964, ndege za Marekani zilipowamwaga askari wa miavuli wa Ubelgiji juu ya Stanleyville. Aprili iliyofuata mwanamapinduzi Che Guevara alipita Dar es Salaam na Kigoma, akavuka Ziwa Tanganyika kwenda kuwasaidia waasi akijiita Tatu, akashindwa na kuondoka Novemba. Tarehe 24 ya mwezi huo mkuu wa jeshi la Kongo, Mobutu, alitwaa madaraka. Alihesabiwa kuwa ngome dhidi ya ukomunisti, na Wakongo wakabaki naye hadi Mei 1997.

Nchini Vietnam, wanamaji wa kwanza wa vikosi vya mapigano walishuka Da Nang tarehe 8 Machi 1965. Kufikia Aprili 1969 Wamarekani walikuwa zaidi ya 540,000. Waziri wa Mambo ya Nje aliyevitetea vita hivyo kwa miaka minane alikuwa Dean Rusk yuleyule wa ramani ya Korea. Kennan naye, Februari 1966, alifika mbele ya kamati ya Seneti na kupinga vita vilivyopiganwa kwa jina la fikra zake. Hakusikilizwa. Laos, nchi maskini isiyotangaziwa vita na mtu, ilimwagiwa zaidi ya tani milioni 2 za mabomu kati ya 1964 na 1973, na mengine yasiyolipuka yameendelea kuua wakulima na watoto kwa miongo. Kambodia ilipigwa kwa siri tangu 1969.

Mkataba wa Paris ulisainiwa tarehe 27 Januari 1973, na Saigon ikaanguka tarehe 30 Aprili 1975. Wamarekani zaidi ya 58,000 walikufa. Serikali ya Vietnam ilikadiria mwaka 1995 kwamba waliokufa upande wa Wavietnam walikuwa kama milioni 3. Laos na Kambodia nazo zilianguka mwaka huohuo, lakini Thailand, Malaysia na Indonesia hazikuanguka. Februari 1979 China ya kikomunisti iliivamia Vietnam ya kikomunisti. Nchini Marekani kwenyewe, Novemba 1973 Bunge lilikuwa limepitisha, juu ya kura ya turufu ya Rais Richard Nixon, sheria ya kumbana rais asiingie vitani peke yake, na marais waliofuata wameikwepa mara kwa mara. Mara ya mwisho Marekani kutangaza vita rasmi ilikuwa Juni 1942.